Mitaa ya Eastlands: Kabla hujala Mbotela, mjue Mbotela

Sikukuu ya Madaraka inapoangukia Jumatatu, au Jumapili kisha sheria ikaisogeza hadi Jumatatu, Nairobi hupata wikendi ndefu na magazeti hujaa matangazo ya hoteli. Naivasha siku tatu, chakula ni juu ya hoteli. Diani siku tatu, usafiri ukiwemo. Msimu huu nimeyasoma matangazo hayo bega kwa bega na habari za Makongeni, mtaa wa reli ambao wakazi wake wametakiwa wahame kupisha mradi wa nyumba nafuu. Nimejiuliza ni wangapi kati yetu tunaotafuta utamaduni wa kulipia kule mbali tumewahi kutembea kwa miguu kutoka Makongeni hadi mtaa unaopakana nao, Mbotela, tukala, tukauliza na tukasikiliza. Nyumba zinazobomolewa hazingoji tumalize likizo zetu kwingine.

Waliofuatana nami katika safu hii tangu Pumwani na Kaloleni wanajua jinsi baraza la jiji lilivyopanga mitaa hii, kwa hiyo sitarudia habari za nyumba za chumba kimoja kimoja na vyoo vya pamoja. Leo nataka nishughulike na jina la Mbotela. Kila siku makanga wa Jogoo Road hulitaja, abiria hushuka, na ni wachache mno wanaojua kwamba jina hilo ni la mtu aliyeuawa.

Tom Mbotela alikuwa mmoja wa viongozi wakuu wa chama cha siasa cha Kenya African Union (KAU), na aliwahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho. Aliamini kwamba Mwafrika angepata haki zake kwa hoja, kwa maombi na kwa mazungumzo. Kufikia mwaka 1951 imani hiyo ilikuwa imekwisha kuwachosha vijana wengi wa Nairobi, na tawi la chama mjini likashikwa na watu wa msimamo mkali wakiongozwa na Fred Kubai na Bildad Kaggia. Oktoba 20, 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta akakamatwa. Mwezi uliofuata, Novemba, Tom Mbotela aliuawa usiku akirejea nyumbani. Mwili wake ulipatikana karibu na soko la Burma. Mwaka 1953 diwani Ambrose Ofafa naye aliuawa. Kisha ikaja Operesheni Anvil ya Aprili 1954, mitaa hii ikazingirwa na maelfu ya watu wakapelekwa kizuizini. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1950 baraza lilijenga mitaa mipya, na majina ya marehemu hao wawili yakawekwa juu yake: Mbotela, Ofafa Maringo, Ofafa Jericho.

Hapa msomaji ataniuliza: je, huo haukuwa ujanja wa mkoloni, kuwaenzi waliokufa mikononi mwa wapinzani wake? Bila shaka serikali ilikuwa na sababu zake. Lakini tuangalie tulichofanya sisi wenyewe baada ya Uhuru. Tuliiondoa Donholm Road tukaweka Jogoo Road. Tuliiondoa Delamere Avenue tukaweka Kenyatta Avenue. Majina ya Mbotela na Ofafa tuliyaacha yalipokuwa, na nina hakika tulifanya vyema. Taifa lililokomaa huwa na nafasi ya kumkumbuka mpiganaji wa msituni aliyempinga mkoloni kwa silaha na pia ndugu yake aliyeamini njia nyingine akauawa kwa kuiamini.

Na ukoo wa Mbotela, aliotoka Tom, una historia ambayo ingetosha kuujaza ukurasa huu mwezi mzima. Chimbuko lake ni Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini, na mkataba ukatiwa saini mwaka huohuo. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyosheheni watu kutoka bara, hata nchi za Ziwa Nyasa, na watu hao hawakuwa na kwao pa kurudi. Wamisionari wa CMS wakawafungulia makazi yaliyopewa jina la Frere. Palikuwa na kanisa, shule na mashamba, na palikuwa na kengele iliyopigwa kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja. Mahali hapo panaitwa Kengeleni hadi leo. Watoto wa makazi hayo walisoma mapema kuliko wengi, wakawa walimu, makarani na wachapishaji katika nchi nzima.

Mmoja wao, James Juma Mbotela, aliyakusanya masimulizi ya wazee wake na kuyaandika kwa Kiswahili. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa mwaka 1934. Wahakiki wengine wamekilaumu kwa kumsifu mno Mwingereza, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya masimulizi marefu ya Kiswahili vilivyoandikwa na Mwafrika wa Kenya, na kinatoka katika kinywa cha familia iliyoonja utumwa wenyewe. Ni aibu kwamba mtoto anaweza kuzaliwa Mbotela, akasoma hapo hadi kidato cha nne, asikione kitabu hicho hata siku moja. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa, nasi tunawaacha watoto wetu bila asili huku tukiwanunulia simu.

Mwana wa James ndiye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye taifa lilimlilia alipofariki Februari 2025 akiwa na miaka 84. Wengi wanamkumbuka kwa utangazaji wa mpira, na kwa asubuhi ile ya Agosti 1, 1982 wanajeshi walipomlazimisha kusoma tangazo la mapinduzi. Mimi namkumbuka zaidi kwa Je, Huu ni Ungwana?, kipindi cha redio alichokianza mwaka 1966 na kukiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Alitufunza kwa upole namna ya kukaa na watu: kutozungumza na chakula mdomoni, kutomsukuma mwenzako mlangoni mwa basi, kutoingia katika nyumba ya mtu bila hodi. Masomo hayo ndiyo anayoyahitaji kwanza mtu anayekwenda kula katika mtaa usio wake, kabla hata ya kuuliza bei.

Basi, mpango wenyewe. Jumamosi anzia Gikomba mapema, soko la samaki likiwa limechangamka, kisha upite kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaofua masufuria na masanduku. Mchana ingia Burma au Kariokor ule nyama choma, ugali na kachumbari. Hapo Kariokor kumbuka wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambao jina la soko linawahusu. Jioni teremka Pumwani kwa pilau, viazi karai na kaimati. Jumapili ni ya Kaloleni: ukumbi wake uliovuma kwa mikutano ya siasa, halafu samaki na osuga kwa wapishi wenye asili ya ziwani. Jumatatu, siku ya Madaraka yenyewe, iweke Mbotela. Kula chapati na madondo kwenye kibanda, na jua likizama tafuta mutura na supu. Matatu za Jogoo Road zitakufikisha, na fedha utakayotumia siku zote tatu haitafika bei ya usiku mmoja wa hoteli za matangazo yale.

Ila nenda kiungwana. Mama wa kibanda ameamka alfajiri kuchemsha maharagwe, kwa hiyo usimkatie bei kama unanunua shati la mtumba. Usipige picha nyumba yake wala watoto wake bila idhini. Salimu wazee na uwaulize walihamia lini, nani alikuwa jirani, nani alizaliwa katika chumba kipi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na mwenyeji hapati nafuu yoyote kwa mgeni aliyekuja kumtazama tu.

Kwa serikali ya kaunti nina ombi moja, na sitachoka kulirudia. Kabla tingatinga hazijafika Mbotela, wekeni mlangoni mwa mtaa kibao kinachoeleza Tom Mbotela alikuwa nani na alikufaje, na wekeni nakala za Uhuru wa Watumwa katika shule za Makadara. Ghorofa zikisimama hapo, jina la mtaa libaki, na maelezo yake yabaki pamoja nalo. Nyumba bora ni haki ya watu wa Mbotela, na historia yao ni haki yao vilevile.

Wiki ijayo tutavuka Jogoo Road, twende Maringo tukamzungumzie Ofafa.