Mkesha wa Pasaka: Kupiga Picha Bila Flashi

Mkesha wa Pasaka huanza gizani. Taa za kanisa huzimwa, Mshumaa wa Pasaka huingia, na waamini huwasha mishumaa yao kwa moto wake. Flashi hufuta giza hilo, nalo ndilo linaloupa mwanga maana.

Basi sisi tunaopiga picha Ngokolo, Shinyanga, au parokia za Geita, tuizime. Tufungue lenzi hadi f/2. Huingiza mwanga mara nne ya ule wa f/4. ISO tuiweke 3200: chembechembe zitaonekana, lakini picha iliyotikisika haitengenezeki. Kasi isishuke chini ya 1/60 ya sekunde, nasi tuegemee nguzo. Tupime mwanga usoni, si kwenye mshumaa. Mbiu ya Pasaka ikianza, tutulie mahali pamoja: waamini wamekuja kusali, nasi pia.