Mkufunzi wa Mazoezi: Kabla Hujatuma Dipositi ya Chumba, Piga Hesabu Hii

Umeamua kujitegemea. Huna tena mshahara wa jimu ya mtu, lakini una wateja kumi wanaokuamini. Shida ni moja: mtawafanyia mazoezi wapi? Hapo ndipo wakufunzi wengi hupoteza akiba yao yote. Wengine hukodi chumba kikubwa kabla ya wakati, na wengine hutuma dipositi kwa mtu ambaye hata si mwenye jengo.

Leo tutaangalia njia za kupata nafasi, hesabu ya kujua ipi inakufaa, na jinsi ya kulipa kwa simu bila kulia baadaye.

Njia tatu za kukodi

*Kulipa kwa saa.* Unatumia jimu au studio ya mtu mwingine, mara nyingi zile saa ambazo si za msongamano, na unalipa saa ulizotumia tu. Kumbi za makanisa, shule na za kijamii mitaani pia hukodishwa hivi. Swali la kuuliza mapema: bei ni ya saa au ya kichwa? Kama ni ya saa, unaweza kufunza watu watatu pamoja na kodi ikabaki ile ile.

*Kugawana mapato.* Mwenye jimu anachukua asilimia fulani ya kila unachotoza. Mteja asipokuja, hudaiwi kitu. Lakini ukipandisha bei yako, na yeye anapanda pamoja nawe.

*Kukodi chumba chako kwa mwezi.* Jina lako mlangoni, funguo mfukoni. Pia stima, maji, usafi, ulinzi na leseni ya biashara ya kaunti ni juu yako, mteja awepo asiwepo.

Hesabu ya kwenye kalamu

Tuchukue mfano. Unatoza shilingi 1,000 kwa kipindi. Jimu inakudai 400 kwa saa. Upande wa pili umeona chumba cha 30,000 kwa mwezi, na ukiongeza stima, maji na mtu wa usafi, inafika 36,000.

Gawanya 36,000 kwa 400. Jibu ni 90. Maana yake, mpaka ufikishe vipindi 90 kwa mwezi, karibu 23 kila wiki, kulipa kwa saa bado ni rahisi kuliko chumba.

Sasa rudi kwa wale wateja wako kumi. Wakija mara mbili kwa wiki bila kukosa, hivyo ni vipindi 80 kwa mwezi. Kwa saa utalipa 32,000. Kwa chumba, 36,000. Na sote tunajua hakuna mwezi ambao wote wanakuja bila kukosa: kuna mvua, kuna safari, kuna mwisho wa mwezi kabla mshahara haujaingia.

Usisahau pesa ya kuingilia. Mwenye jengo akitaka dipositi ya miezi miwili na kodi ya mwezi wa kwanza, hiyo ni 90,000 kabla hujanunua hata mkeka mmoja.

Weka bei za mtaa wako kwenye hesabu hii. Roysambu si Kilimani, na Nakuru si Nairobi. Njia ya kuhesabu ndiyo haibadiliki: gharama yote ya chumba kwa mwezi, gawanya kwa bei ya saa moja. Ukiona kwa miezi mitatu mfululizo umepita hiyo namba, basi chumba kimeanza kukuita.

Utajuaje umepita? Tenga pesa ya kazi

Kama wateja wanakutumia pesa kwenye laini ile ile unayonunulia unga na kutumia na Fuliza, hutajua ulifunza vipindi vingapi. Chukua namba ya Till, au ufungue Pochi la Biashara kwenye laini yako, ili pesa ya kazi ikae kando. Mwisho wa mwezi angalia taarifa ya malipo na uhesabu.

Halafu zoeza wateja kulipa kabla ya kipindi. Ukikodi kwa saa, jimu itakudai hata mteja akikuacha umesimama na simu yake imezimwa. Mteja aliyelipa jana usiku huamka asubuhi.

Nenda ukaone, na uende saa ya kazi

Chumba kinachopendeza saa sita mchana kinaweza kukushinda saa kumi na mbili asubuhi. Nenda saa ambayo wateja wako watakuja, kisha uliza:

- Geti linafunguliwa saa ngapi? Wateja wengi wanataka kabla ya kazi au baada ya kazi.
- Chini yako kuna nani? Ukiwa ghorofani, kila chuma kinachoanguka ni kelele kwa jirani, na malalamiko yataishia kwa mwenye jengo.
- Mita ya stima ni yako peke yako, au tokeni mnachanga na saluni ya jirani?
- Hewa inapita? Maji yapo? Bafu na choo ni vya nani?
- Mteja wa kike atatembea salama kutoka stejini saa mbili usiku?

Ongea na keateka na wapangaji wawili watatu. Watakuambia mambo ambayo tangazo haliwezi kusema.

Sasa, pesa

Ujanja huu unajulikana: picha nzuri mtandaoni, bei ya chini, halafu "kuna watu wengine watatu wanakitaka, tuma kitu kidogo nikushikie." Usitume kabla hujaingia ndani ya hicho chumba.

Ukishakiona, fuata hatua hizi:

1. Jua unaongea na nani. Ni mwenye jengo, ajenti, au mpangaji anayekupangisha tena? Kama ni mpangaji, omba barua ya mwenye jengo inayomruhusu. Asipolipa kodi yake, madalali wa mnada wanaweza kuja kufunga mlango na vyuma vyako vikiwa ndani. Weka risiti za vifaa vyako vyote.
2. Andikianeni kwanza, pesa baadaye. Makubaliano yaseme kodi, dipositi, saa za kutumia, nani anatengeneza nini, na dipositi inarudishwa lini.
3. Soma jina kabla ya kumalizia. Simu inakuonyesha jina la anayepokea. Likiwa tofauti na lililo kwenye makubaliano, simama. "Hiyo ni laini ya bibi yangu" si jibu.
4. Kama jengo lina Paybill, tumia hiyo, na kwenye namba ya akaunti uweke namba ya chumba chako. Ujumbe wa malipo usiufute, na bado udai risiti.

Kuna jambo wengi hawalielewi. Ukikosea namba, unatuma ule ujumbe wote wa malipo kwa 456 mara moja kuomba pesa irudishwe, na hata hapo, ikiwa imeshatolewa, kuipata ni kazi. Lakini mtu uliyemtumia kwa hiari yako akikuhadaa, hukukosea namba. Hiyo ni kesi ya polisi, na ushahidi wako ni zile karatasi na ule ujumbe.

Sheria inakulinda wapi?

Kenya ina Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Sehemu za Mikahawa, Sura ya 301. Inagusa pia majengo ya biashara ya kutoa huduma. Kama makubaliano yako hayakuandikwa, au yameandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, kwa kawaida mwenye jengo hawezi kukufukuza kwa simu ya jioni moja. Anapaswa kukupa notisi rasmi ya maandishi ya angalau miezi miwili, na ukipinga, kuna jopo linalosikiliza mizozo ya kodi za majengo ya biashara.

Anayelipa kwa saa au kwa asilimia kwa kawaida si mpangaji, kwa hiyo ulinzi huo asiutegemee. Kinga yake ni makubaliano yake. Hata ukurasa mmoja uliotiwa sahihi na pande zote mbili, unaosema notisi ni siku ngapi, utakuokoa usije ukawaambia wateja kumi kwamba kesho hakuna mahali.

Kwa ufupi

Anza kwa saa. Tenga pesa ya kazi. Hesabu vipindi vyako miezi mitatu. Ukiona namba zimekubali, tafuta chumba, kikague saa ya kazi, andikianeni, soma jina kwenye simu, ndipo ulipe. Chumba kizuri kikikuponyoka kwa sababu ulichukua siku mbili kuuliza maswali, kingine kitapatikana. Ile 90,000 ikishaenda kwa mtu asiye na funguo, kuirudisha ndiyo shughuli.