Mji Ukikua, Boma Linapata Nini?

Mnada uliopita mama mmoja alinisimamisha kwenye lango la zizi la mbuzi. Alikuwa ameuza beberu wawili kwa ajili ya sare na michango ya shule. "Daktari," aliniambia (wafugaji hutuita madaktari hata sisi wenye cheti), "mwaka jana beberu kama hawa waliniletea pesa kidogo. Leo nimepata zaidi, na sikuwalisha chochote cha ziada. Nani ameongeza bei?" Mume wake alijibu kabla yangu: "Ni mvua." Mvua ilikuwa na sehemu yake, maana mfugaji mwenye majani hauzi kwa haraka. Lakini sehemu kubwa ya jibu ilikuwa mbali na pale mnadani, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Nyama hufuata mshahara

Mtu mwenye kipato kidogo hula ugali kwa maharage au dagaa. Akipata kazi ya uhakika, kitu cha kwanza kubadilika nyumbani kwake ni mboga. Nyama iliyokuwa ya sikukuu inakuwa ya Jumapili, halafu ya katikati ya wiki. Sasa zidisha mtu huyo kwa wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.4 Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilikuta milioni 5.4. Nairobi ilikuwa na watu milioni 3.1 mwaka 2009, na milioni 4.4 mwaka 2019. Walio wengi kati ya hao hawafugi. Nyama yao inatoka kwetu na kwa wafugaji wenzetu.

Kwa hiyo fundi anayejenga ghorofa Nairobi akilipwa vizuri, anaagiza nyama choma. Mwenye bucha anaagiza zaidi kutoka machinjioni Dagoretti. Mchinjaji anamtuma mnunuzi, mnunuzi anapiga simu kwa dalali wa Namanga, na dalali anakuja Longido kumtazama dume wako. Ukuaji wa uchumi wa mahali pamoja hufika mahali pengine kwa njia ya namna hiyo, mkono kwa mkono.

Tatizo ni kwamba kila mkono unabakiza kitu. Chukua mfano. Ng'ombe wetu wa asili mwenye uzito wa kilo 250 akiwa hai hutoa nyama kama kilo 120 pamoja na mifupa. Tuseme bei ya bucha mjini imepanda kwa shilingi 500 kwa kilo. Ng'ombe yule yule sasa ana shilingi 60,000 zaidi ndani ya ngozi yake. Kati ya hizo kuna za mwenye bucha, za mwenye lori, za mfanyabiashara na za dalali. Wewe utapata ngapi? Kama hujui kwamba bei ya mjini imepanda, huenda usipate hata senti moja, na utarudi nyumbani ukidhani umeuza vizuri kwa sababu umepata bei ya mwezi uliopita.

Ndiyo maana nawaomba vijana wenye simu wafanye kazi hii ndogo: siku moja kabla ya mnada, mpigie ndugu aliye mjini umuulize kilo ya nyama bucha la mtaani kwake ni bei gani. Tuna vijana wengi wanaolinda nyumba na maduka Dar es Salaam na Arusha. Swali hilo halimgharimu hata mmoja wao. Penye mzani, pima. Pasipo mzani, njoo tutumie utepe wa kupima mzunguko wa kifua, unaokadiria uzito vizuri kuliko jicho. Jicho la dalali limezoea kuona ng'ombe mdogo.

Mambo yanayoleta au kuzuia

Barabara ni la kwanza. Wazee wanakumbuka kuswaga ng'ombe kwa miguu siku nyingi, mnyama akifika amekonda na mnunuzi anataka kulipia mifupa. Wenzetu wa kaskazini mwa Kenya walikaa miaka mingi lami ikiishia Isiolo. Kutoka hapo hadi Moyale ni kama kilometa 500, na lori la mifugo lilikuwa likitumia siku kadhaa kwenye mawe na matope. Lami ilipofika Moyale katika miaka ya 2010, safari ile ikawa ya siku moja. Mifugo ni ile ile na malisho ni yale yale, lakini Nairobi ilisogea karibu. Sisi wa upande huu tuna lami ya Arusha hadi Namanga, na aliye mbali nayo anajua tofauti yake kila masika njia ikikatika.

La pili ni pesa yenyewe, na hili wengi hawalitazami. Mnunuzi wa Kenya anafikiri kwa shilingi ya Kenya. Mwishoni mwa 2023 shilingi moja ya Kenya ilikuwa na thamani ya kama shilingi 16 za kwetu. Kufikia katikati ya 2024 ilikuwa kama 20. Mnunuzi aliyekuwa na 40,000 za Kenya kwa ajili ya dume mmoja alikuwa, kwa pesa yetu, na 640,000 mara ya kwanza na 800,000 mara ya pili. Hakuongeza hata shilingi kwa upande wake. Aliyeuza mara ya pili bila kuuliza kiwango cha kubadilishia alimwachia mtu mwingine tofauti ya 160,000. Kabla hujakubali bei, uliza hilo pia kwa wabadilisha fedha wenye kibali, si kwa yule anayekununulia.

Kisha kuna masoko ya ng'ambo. Nyama ya mbuzi na kondoo kutoka Tanzania husafirishwa kwa ndege kwenda nchi za Ghuba, na mwezi wa Hija mahitaji ya kondoo na mbuzi huko hupanda sana. Kumbuka kwamba Idd el-Hajj hufuata mwezi, hivyo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11. Mwenye madume ya mbuzi ya kuuza na aliweke hilo akilini. Lakini soko la mbali linaweza pia kufungwa na watu wa mbali. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Hija iliruhusiwa kwa watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia, na wafugaji wa Somalia wanaopakia wanyama wao katika bandari ya Berbera waliona bei ikianguka katika msimu wanaoutegemea kuliko yote.

Ugonjwa unafunga mlango kwa wote

Hapa ndipo kazi yangu inapoingia, na naomba usome taratibu.

Mvua kubwa za 1997 na 1998 zilileta mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa katika Afrika Mashariki. Saudi Arabia ikazuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Ugonjwa ulipotokea ndani ya Saudi Arabia yenyewe na Yemen mwaka 2000, zuio likarudi, na kwa Somalia halikuondolewa hadi 2009. Fikiria familia ambayo haijawahi kuona mnyama mgonjwa katika boma lake, lakini imekosa mnunuzi kwa miaka yote hiyo.

Kwetu yalitokea karibu zaidi. Mwishoni mwa 2006 homa ile ilianza tena kaskazini-mashariki mwa Kenya, na mwanzoni mwa 2007 ikawa Tanzania: Arusha, Manyara, Dodoma, Morogoro. Watu walikufa. Minada ilifungwa, na mijini wateja waliogopa nyama, hata ile iliyopimwa. Mwenye mshahara alikuwapo na alikuwa na pesa, lakini hakuagiza. Njia ile ya mkono kwa mkono ilikatika, na hasara ikarudi mpaka bomani.

Dalili ya kwanza ya homa hii ni kondoo, mbuzi na ng'ombe wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja baada ya mvua kubwa, na vitoto kufa kwa wingi. Ukiona hivyo usishike mimba zilizotupwa kwa mikono mitupu, usichinje mgonjwa, usinywe maziwa bila kuchemsha, na utoe taarifa siku hiyo hiyo. Najua kwa nini watu wananyamaza: wanaogopa karantini. Siwalaumu, maana nimesimama mnadani siku ya karantini na kuona mzee akiwarudisha ng'ombe aliowaleta kwa ajili ya gharama za hospitali za mke wake. Ni jambo gumu kumtazama mtu usoni siku kama hiyo. Lakini ugonjwa uliotajwa katika boma moja unaweza kufungiwa katika kijiji kimoja kwa muda mfupi. Uliofichwa unakwenda na lori, na ukigundulika machinjioni, wilaya nzima inafungwa.

Chanjo nayo ina bei yake sokoni. Ndama aliyechanjwa ndigana kali na kuvishwa hereni hununuliwa kwa bei bora kuliko mwenzake, kwa sababu mnunuzi anaona kwa macho kwamba hatampoteza kwa ugonjwa huo.

Mji unachukua pia

Nisiandike kana kwamba mji unaleta tu. Unachukua, na mara nyingine unachukua vizuri kuliko unavyoleta.

Unachukua vijana. Wakirudisha pesa kwa simu, na wengi wanarudisha, boma linanunua dawa na majani bila kuuza mnyama. Lakini ng'ombe walioachwa wanachungwa na watoto wadogo ambao wangepaswa kuwa darasani.

Unachukua mitamba. Bei ikiwa nzuri, mnunuzi hutaka yeyote mwenye mwili. Ukiuza mtamba mmoja umeuza na ndama zake wote. Toa madume, maksai na majike yaliyozeeka.

Zaidi ya yote, mji unachukua ardhi. Tazameni Kitengela, kusini mwa Nairobi. Zamani yalikuwa malisho ya wazi ya Wamaasai, na wanyamapori wa Hifadhi ya Nairobi walipita humo. Ranchi za pamoja ziligawanywa, kila familia ikapata kipande chake, na mji ulipokaribia vipande vikauzwa. Waliouza walipata pesa nyingi kwa mara moja. Leo kuna uzio, maghorofa na viwanda, na mwenye ng'ombe hana pa kupitishia. Ukuaji wa Nairobi uliwafikia kweli, ila ulikuja kama mnunuzi wa uwanja na si kama mnunuzi wa nyama. Vijiji vyetu vilivyo karibu na lami na karibu na Arusha vimeanza kuona wanunuzi wa namna hiyo. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi na eneo la malisho lililotengwa kisheria kina mahali pa kusimamia mazungumzo yanapoanza. Kama cha kwenu bado, ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na akina mama wawepo.

Hesabu ng'ombe kwa magunia

Jambo la mwisho lilimshangaza yule mama kuliko mengine. Nairobi ikikua hainunui ng'ombe tu. Inanunua na mahindi. Malori yanayopandisha mahindi ya Nyanda za Juu Kusini kuelekea Kenya yanapita Namanga, pale pale ng'ombe wetu wanapopita. Kwa hiyo siku bei ya ng'ombe inapopanda, huenda gunia nalo limepanda. Ukihesabu shilingi pekee utafurahi bure. Hesabu hivi: dume huyu ananipa magunia mangapi leo, na mwaka jana alinipa mangapi?

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha ukame unavyotuumiza. Mwaka 2009, na tena 2021 hadi 2022, wengi walisubiri mpaka ng'ombe hawawezi kusimama, kisha wakapeleka wote wiki moja. Bei ya ng'ombe ilianguka huku gunia likipanda. Aliyeuza mapema, majani yakiwa bado, alijaza ghala na kubaki na kundi dogo aliloweza kulilisha. Mjini nyama ilikuwa bado inauzwa, lakini mnunuzi hakuwa na haja ya mifupa.

Yule mama alihesabu pale pale kwa vidole. Beberu wake wawili wa mwaka huu walikuwa na pesa nyingi zaidi, lakini kwa mahindi walimpa karibu sawa na wa mwaka jana. Akamwambia mume wake wasinunue redio, wanunue mahindi kabla malori hayajayamaliza.

Unapokwenda mnadani chukua kibali cha kusafirisha mifugo mapema, siku ya mnada foleni ni ndefu. Namba ya simu ya ofisi ya mifugo ya kata imeandikwa kwenye ukuta wa josho. Kwa taarifa ya mimba kutupwa, piga hata usiku.