Linux: Jina la Kadi ya Mtandao Hutokana na Mahali Ilipo

Seva yenye kadi mbili za mtandao, moja ya intaneti na nyingine ya ofisini, zamani ilikuwa hatarini kila ilipowashwa upya. Linux iliziita eth0 na eth1 kwa kufuata iliyotambuliwa kwanza. Majina yakibadilishana, kanuni za ulinzi zilihamia kadi ya ndani, na ile ya intaneti ikabaki bila kinga.

Tangu toleo la 197 la programu ya systemd, Januari 2013, jina hutokana na mahali kadi ilipochomekwa. Katika enp2s0, “en” ni mtandao wa waya, “p2” ni njia ya PCI namba 2, na “s0” ni nafasi namba 0. Jina hilo halipendezi kutamka, lakini kuwasha upya hakulibadilishi. Fundi akiihamisha kadi, hata hivyo, hulazimika kurekebisha kanuni zake.