Saa ya Nembo Ndogo na Deni la Muuzaji

Katika miji ya Thika na Ruiru, ambako zamu za viwandani, ratiba za vyuo na safari za alfajiri kwenda Nairobi humlazimu mtu kuzihesabu dakika zake, saa ya mkono ingali chombo cha kazi na pambo la heshima kwa pamoja, ijapokuwa kila simu huonyesha wakati. Na kwa kuwa saa za majina makubwa zina bei isiyoshikika kwa mshahara wa kawaida, wanunuzi wengi wamezielekea saa za nembo ndogo, ambazo hutangazwa kwa picha nzuri mitandaoni, hulipiwa kwa M-Pesa, na humfikia mwenyewe kwa mzigo wa matatu au kwa mkono wa bodaboda. Wengi wa wanunuzi hao hutujia sisi mafundi baada ya miezi michache, saa imesimama au imefanya ukungu chini ya kioo, na muuzaji aliyekuwa mwepesi wa kujibu kabla ya malipo amekuwa mzito wa kujibu baada yake. Malalamiko yao, kwa sehemu kubwa, ni ya haki. Nami, ambaye amali yangu ni kuzifungua saa hizi na kuyaona yaliyomo, naona ni wajibu kumweleza msomaji kasoro hutoka wapi, ipi haistahili kuitwa kasoro, na nani anayepaswa kuijibia.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba nembo ndogo ya saa, isipokuwa kwa nadra mno, haiundi mashine yake yenyewe. Mwenye nembo huagiza mashine kutoka kwa waundaji wakubwa, aghalabu wa Japani au China, huagiza ganda, uso, akrabu na mkanda kutoka viwanda vya China vinavyowauzia wengi, huchagua rangi, huandikisha jina lake usoni, na sehemu zote zikaunganishwa na watu ambao huenda yeye mwenyewe hajapata kuwaona. Wakazi wa Thika hawahitaji ufafanuzi mrefu wa jambo hili, kwa maana katika mji wao kipo kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, ambacho kwa miongo mingi kimeunganisha magari ya majina ya kigeni kwa sehemu zilizotoka ng'ambo, na ambako Disemba 2016 ulizinduliwa uunganishaji wa Polo Vivo ya Volkswagen. Hakuna aliyeona aibu katika kuunganisha, maadamu sehemu ni njema, mikono ni miangalifu, na vipuri vinapatikana. Hata Rolex, jina linalotajwa leo kwa taadhima duniani kote, chimbuko lake ni kampuni ya London iliyoanzishwa na Hans Wilsdorf na shemeji yake mwaka 1905, wakiagiza mashine za Uswisi kutoka kwa Hermann Aegler na kuzitia katika maganda yaliyotengenezwa na wengine. Basi udogo wa nembo si dhambi, na kuagiza mashine si ghashi. Ghashi huanza pale mnunuzi anapofichwa alichouziwa.

Tena mashine yenyewe, kinyume cha dhana ya wengi, si mshitakiwa wa kwanza. Katika saa ya betri, kipande kidogo cha kwatzi hutetemeshwa na umeme mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti huigawa idadi hiyo nusu kwa nusu, mara 15, hata libaki pigo moja kwa sekunde, na pigo hilo ndilo linalosukuma injini ndogo, ikazungusha magurudumu ya meno na kuzisogeza akrabu. Ufundi huu ulipoingia sokoni Disemba 1969 kwa saa ya Astron ya kampuni ya Seiko, bei yake ililingana na ya gari dogo. Leo mashine ya namna hiyo, kama ile ya Miyota yenye nambari 2035, ambayo mwundaji wake huikadiria kupotea kwa kiasi cha sekunde 20 tu kwa mwezi, ni nafuu hata fundi huona heri kuibadilisha nzima kuliko kuifungua na kuisafisha. Nimezifungua saa za nembo ambazo hazijulikani hata Nairobi, nikakuta ndani yake mashine njema ya Kijapani ikiwa nzima, ilhali kila kilichoizunguka kimeharibika.

Hapo ndipo penye taksiri, katika vile vitu vidogo ambavyo picha ya tangazo haivionyeshi. Cha kwanza ni betri. Betri njema ya saa ni ile ya oksidi ya fedha, ambayo nambari yake huanza kwa herufi SR, na ambayo hushikilia takriban volti 1.55 karibu mpaka mwisho wa maisha yake. Ya bei ya chini ni ya alkali, yenye herufi LR au AG, ambayo nguvu yake hupungua hatua kwa hatua na ambayo ni nyepesi zaidi kuvuja na kuila sakiti kwa ulikaji. Fauka ya hayo, saa ikikaa ghalani mwaka mzima bila kile kiplastiki kinachozuia kitufe cha pembeni kuingia, mashine hutembea mchana na usiku bila mvaaji, na mnunuzi huuziwa betri iliyokwisha kuliwa nusu.

Cha pili ni mpira mwembamba unaozunguka mfuniko wa nyuma na ule uliomo katika kitufe, ambao ndio ulinzi mkuu dhidi ya maji. Saa ikiandikwa mita 30, mnunuzi hudhani ameruhusiwa kuzama nayo mita 30 katika maji, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha huzuni nyingi. Idadi ile hutaja mkandamizo wa maji yaliyotulia katika jaribio lililofanywa juu ya saa mpya, kwa kanuni kama ile ya kimataifa ya ISO 22810 ya mwaka 2010. Haitaji mkono unaopiga maji, wala sabuni, wala maji ya moto ya kuoga, wala mpira uliokauka kwa umri. Saa ya mita 30 huvumilia manyunyu ya mvua na kunawa mikono, na hapo ndipo mpaka wake. Lakini mpira ukiwa duni au umekaa upande, hata hayo haitayavumilia. Na katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, unyevu ulionaswa ndani hujidhihirisha kwa ukungu chini ya kioo, hata kwa mtu asiyepata kuilowesha saa yake.

Cha tatu ni madini ya ganda. Yapo maandishi ya Kiingereza nyuma ya saa nyingi yanayosema kwamba mfuniko wa nyuma ni wa chuma kisichoshika kutu, na mnunuzi huyasoma kana kwamba yanausifu mwili wote. Kumbe mwili ni wa shaba au wa mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi ya fedha au dhahabu, na rangi hiyo, ikiwa nyembamba, huliwa na jasho pale mkono unapogusana na ganda. Pamoja na hayo zipo pini za mkanda, ambazo zikiwa hafifu huchomoka na kuiangusha saa penye lami, na akrabu zisizobanwa sawasawa, ambazo hulegea kwa mtikiso mmoja.

Lakini insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Si kila lalamiko ni kasoro. Mwenye saa ya kamani, ile inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, hughadhibika aonapo kwamba imepotea sekunde 15 kwa siku, ilhali mashine inayopatikana sana katika nembo ndogo, NH35 ya Seiko, hupewa na waundaji wake nafasi ya kuchelewa sekunde 20 au kutangulia sekunde 40 kwa siku, na ikivuliwa kwa zaidi ya saa 41 hivi husimama, nayo haina ugonjwa wowote. Kadhalika saa ya kamani inayokimbia ghafla dakika kadhaa kwa siku mara nyingi imepatwa na sumaku, kwa kuwekwa juu ya kifuniko cha simu chenye sumaku au kuegemezwa kwenye spika kubwa za matatu, na dawa yake ni kuondolewa sumaku kwa chombo maalumu, kazi ya muda mfupi mno. Mnunuzi anayemlaumu muuzaji kwa mambo haya anamdhulumu, na lawama isiyo na msingi humpa muuzaji mwovu kisingizio cha kuzipuuza lawama zenye msingi.

Sasa tuje kwenye huduma baada ya mauzo, ambayo ndiyo jeraha kubwa zaidi. Mwenye nembo ndogo huagiza saa zake kwa mkupuo mmoja, ganda na uso vikiwa vimetengenezwa kwa mkupuo huo peke yake. Mkupuo ukiisha, vioo vya kipimo kile, vitufe vyake na akrabu zake huisha pia, ila kama mwenye nembo aliweka akiba. Na kuweka akiba ni kufungia mtaji katika vijidude visivyoleta faida ya papo hapo. Hana fundi wa kudumu, wala hajapatana na fundi wa mji wowote. Basi saa ikirudi, hana la kufanya ila kutoa saa mpya akiwa mwungwana, au kunyamaza akiwa si mwungwana. Ugumu huu hauko katika saa peke yake: Mobius Motors, kampuni changa ya Kikenya ya magari, ilipotangaza mwezi Agosti 2024 kwamba inafungwa kwa uzito wa madeni, kabla ya kutangaza kwamba imepata mnunuzi, kila mwenye gari lake alikabiliwa na swali lile lile la nani atakayemletea vipuri kesho. Udogo una udhuru wake, lakini udhuru haumfungulii mnunuzi saa iliyosimama. Ahadi ni deni, na cheti cha dhamana cha mwaka mmoja ni ahadi iliyopokelewa fedha.

Hapa sheria ya Kenya haikumwacha mnunuzi ukiwani. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kumwezesha kunufaika nazo, na haki ya kufidiwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro zake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kiuzwacho kwa maelezo kilingane na maelezo yake, na kiwe na ubora wa kufaa kwa biashara. Na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inamtaka auzaye kwa njia ya intaneti ambainishie mnunuzi mambo ya msingi ya mapatano kabla hayajafungwa. Maana yake ni kwamba picha ya saa ndani ya bwawa la kuogelea, ikiwa saa yenyewe ni ya kunawia mikono tu, inaweza kumrudia muuzaji kama ushahidi. Aliyepuuzwa anaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na kama ni fidia anataka, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo imekwisha kufika Thika, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, humruhusu mtu kujitetea bila wakili, na imepangiwa kumaliza shauri kwa siku 60. Cha kuhifadhi ni ujumbe wa malipo, tangazo lenyewe kama lilivyoonekana siku ya kununua, mazungumzo yote na muuzaji, na picha ya kasoro yenye tarehe. Tena saa iliyo ndani ya dhamana isifunguliwe na fundi yeyote kabla muuzaji hajaarifiwa kwa maandishi na kupewa muda wa kujibu, kwani alama ya bisibisi nyuma ya mfuniko humpa mwenye hila hoja asiyostahili kuwa nayo.

Bora zaidi kuliko kushitaki ni kuuliza kabla ya kulipa. Muulize muuzaji jina na nambari ya mashine iliyomo. Anayeijua ataitaja mara moja, na mashine inayojulikana itapata fundi Thika, Ruiru au popote. Muulize ganda zima ni la madini gani, si mfuniko peke yake. Muulize dhamana inaacha nini nje, kwa kuwa betri, kioo, mkanda na maji aghalabu huachwa, na dhamana iliyoacha hayo yote imebakisha mashine tu, kitu kisichoharibika kwa urahisi. Muulize mwisho ni nani atakayeifungua saa ikiharibika, yuko wapi, na gharama ya kuisafirisha ni ya nani. Muuzaji asiyeweza kuyajibu haya manne unamdai tayari hata kabla hujamlipa, na fedha zako zina haki ya kukaa mfukoni.

Nanyi wenye nembo changa, ambao wengi wenu ni vijana wenye bidii na macho ya kuona uzuri, nawasihi: katika kila mkupuo tengeni sehemu ndogo ya fedha kwa vioo, vitufe, mipira na akrabu za akiba, andikeni jina la mashine katika cheti cha dhamana, patanani na fundi mmoja Thika na mwingine Ruiru, mlipeni kwa haki, na mtangazeni jina lake pamoja na picha za saa. Mnunuzi husamehe saa iliyoharibika ikiwa ilitengenezwa kwa wema, akarudi kununua nyingine na kumleta nduguye. Hamsamehe aliyepokea fedha yake kisha akanyamaza.