Safari ya Bure: Nani Hulipa Nauli?

Sokoni kila mahali kuna desturi ya nyongeza. Mama aliyenunua mafungu matatu ya nyanya huongezewa nyanya moja juu yake, naye huondoka na moyo mweupe, na kesho hurudi kwa muuzaji yule yule. Nyongeza ya namna hiyo haina siri. Muuzaji anaijua gharama yake, na mnunuzi anaiona kwa macho yake ikitiwa kapuni. Lakini katika nchi zenye viwanda vingi nyongeza imekuwa elimu nzima yenye wataalamu wake. Mahali pa nyanya moja pamewekwa stempu, kadi, pointi, na hatimaye tikiti za ndege. Na mara moja moja hutokea mnunuzi anayeketi na kalamu na karatasi, akapiga hesabu ambayo wataalamu wenyewe hawakuipiga.

Mnunuzi mashuhuri kuliko wote wa aina hiyo ni Mmarekani David Phillips, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California katika mji wa Davis. Mwaka 1999 kampuni iliyouza vyakula kwa jina la Healthy Choice ilitangaza mpango wake. Mtu atakayepeleka kwa posta alama kumi za mistari, zile zilizochapwa kwenye vifungashio ili mashine ya dukani isome bei, angepewa maili 500 za ndege. Na atakayewahi kabla ya mwezi wa Mei kwisha angepewa maradufu, yaani maili 1,000 kwa kila alama kumi.

Watu maelfu walilisoma tangazo hilo, na wengi wao bila shaka walilitupa pamoja na maganda ya viazi. Phillips alilisoma mara ya pili, akaona jambo moja: mpango ulihesabu alama, wala haukuuliza bei. Chakula kilichogandishwa cha dola mbili kilikuwa na alama moja, na kitu cha senti chache cha jina lilo hilo kilikuwa na alama moja vile vile. Basi akaanza kutafuta kitu cha bei ya chini kabisa. Kwanza alipata supu ya kopo kwa senti 90. Kisha, katika maduka ya bei nafuu ya Grocery Outlet, akapata vikombe vidogo vya pudini ya chokoleti, kila kimoja kwa senti 25, na kila kimoja kina alama yake.

Hapo hesabu ilikuwa wazi kwa yeyote ajuaye kuzidisha. Vikombe kumi vya pudini viligharimu dola mbili na nusu, navyo vilileta maili 1,000. Siku hizo tikiti ya kwenda na kurudi popote ndani ya Marekani iliweza kupatikana kwa maili 25,000. Kwa hiyo vikombe 250, vya dola 62 na senti 50, vilitosha kwa tikiti moja. Phillips alimpakia mama mkwe wake garini, wakazunguka katika miji ya Bonde la Kati la California kutoka duka hadi duka, wakikomba pudini yote iliyokuwapo. Waliomwuliza sababu aliwaambia kwamba anaweka akiba kwa ajili ya mwaka 2000, kwa maana wakati ule wengi walihofia kwamba kompyuta zote zitakwama siku ya mwaka mpya na maduka yatakuwa matupu. Jibu lilitosha, wala hapakuwa na aliyemshangaa.

Alipomaliza alikuwa amenunua vikombe 12,150.

Kununua kulikuwa kazi nyepesi. Kila alama ilipaswa kubanduliwa kwa mkono, na mwisho wa Mei ulikuwa karibu. Nyumba yake haikuwa na mikono ya kutosha kubandua, wala matumbo ya kutosha kula. Ndipo alipokwenda kwa Jeshi la Wokovu, lile shirika la Kikristo linalolisha maskini, akapatana nao: wao wabandue alama, nao wapate pudini. Kila upande ulifaidika. Na kwa kuwa sheria ya kodi ya Marekani humpunguzia kodi mtu aliyetoa sadaka kwa mashirika kama hayo, pudini ile ikampa tena nafuu ya dola 815.

Kwa jumla alitumia dola 3,140 na kupata maili 1,253,000. Kampuni ilitimiza ahadi yake. Mwaka 2002 kisa hicho kiliingizwa katika filamu ya Punch-Drunk Love, ingawa wengi walioitazama walidhani kwamba habari ya pudini ilitungwa na mwandishi wa mchezo.

Ili kufahamu kwa nini kampuni ya chakula igawe safari za ndege, yafaa kujua maili hizo ni kitu gani. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianzisha daftari la wasafiri wake wa kila siku. Kila maili aliyosafiri mtu iliandikwa kwa jina lake, na zikifika idadi fulani alipewa tikiti. Mashirika mengine yaliiga upesi. Baadaye yaligundua kwamba maili zinaweza kuuzwa kwa jumla kama gunia la sukari. Benki, hoteli, duka au kiwanda hununua maili kutoka kwa shirika la ndege na kuwapa wateja wake. Shirika hupokea fedha taslimu leo, na kiti hutolewa baadaye, pengine miaka mingi baadaye, pengine kisitolewe kabisa.

Katika maneno hayo ya mwisho ndimo ilimo faida. Mpango wa zawadi hupangwa kwa kutumaini kwamba sehemu kubwa ya watu hawataidai. Mmoja atapoteza stakabadhi, wa pili atasahau tarehe, wa tatu ataona haya kwenda posta kwa jambo dogo kama hilo. Uvivu wa wateja huandikwa katika vitabu vya hesabu kama mali. Na pale kampuni inapokosea kuukadiria uvivu huo, ndipo msiba unapoingia.

Msiba mkubwa wa namna hiyo ulitokea Uingereza, miaka saba kabla ya pudini. Kampuni ya Hoover, iliyokuwa mali ya kampuni ya Maytag ya Marekani, ilikuwa maarufu mno kwa mashine za kufyonza vumbi, hata Waingereza wengi walilifanya jina lake kuwa neno la kawaida la kusafisha zulia. Mwaka 1992 biashara ilikuwa mbaya nchini humo, na bohari zilijaa mashine zisizo na mnunuzi. Kampuni ikatangaza kwamba atakayenunua bidhaa zake za pauni 100 au zaidi atapewa tikiti mbili za ndege za kwenda na kurudi katika miji ya Ulaya. Mauzo yakapanda. Kwa kuona hivyo, mwishoni mwa mwaka ule ule wakubwa wake wakaongeza ahadi: tikiti mbili za kwenda Marekani, ama New York ama Orlando, mji wa Florida wenye viwanja vya michezo ambavyo watoto wa Uingereza waliviota usiku na mchana.

Mashine ya bei ya chini iliyostahili iliuzwa kwa pauni 119 na peni 99. Tikiti mbili za kwenda Marekani zilikuwa na thamani ya pauni 600 hivi. Hata mtoto wa shule angeuliza pauni zilizosalia zitatoka wapi.

Wakubwa wa Hoover walikuwa na jibu lao. Walitumaini kwamba mnunuzi akishaingia dukani atashawishika kuchukua mashine ya bei kubwa zaidi, na kwamba akienda safari atanunua pia hoteli, bima na gari la kukodi, ambavyo vitaleta kamisheni. Zaidi ya hayo walitumaini makaratasi. Mnunuzi alipaswa kupeleka stakabadhi na ombi lake katika muda wa siku 14, kisha asubiri fomu ya pili, airudishe nayo kwa wakati, kisha apewe vocha, kisha ataje tarehe, mahali pa kwenda na kiwanja cha ndege mara tatu, na kampuni ilikuwa na haki ya kumkatalia. Ilikuwa njia ndefu yenye miiba, iliyopandwa makusudi.

Watu waliipita. Kiwanda cha Cambuslang, karibu na Glasgow, kililazimika kufanya kazi usiku na mchana, siku saba za juma, ili kutengeneza mashine ambazo wanunuzi wengi hawakuzitaka. Magazeti ya matangazo madogo madogo yalijaa mashine za Hoover zilizouzwa zikiwa bado katika maboksi yake, kwa maana mwenyewe alikwisha kupata alichokitafuta, yaani stakabadhi.

Lakini stakabadhi si safari. Maombi yalipokuja kama mafuriko, kampuni na mawakala wake walishindwa kupata viti vya kutosha. Wengine walipewa viwanja vya ndege vya mbali na kwao, wengine tarehe ambazo hawakuweza kuondoka kazini, wengine barua zao hazikujibiwa. Inafaa kukumbuka kwamba hawakuwa wajanja wote. Walikuwamo watu wa kipato cha chini waliotoa akiba ya nyumba kununua mashine ya kufulia, wakawaahidi watoto safari kwa kuamini jina la kampuni kongwe. Hao ndio walioumia zaidi.

Mwezi Juni 1993 fundi wa kampuni alifika kaskazini mwa Uingereza, katika wilaya ya Cumbria, kutengeneza mashine ya kufulia iliyoharibika. Mwenye nyumba alikuwa angali akisubiri tikiti zake. Fundi akatamka maneno ya kuwabeza watu walioamini kwamba kwa kununua mashine watapata safari mbili. Mwenye nyumba hakujibu neno. Alitoka nje, akalichukua lori lake la kubebea farasi, akaliegesha mbele ya gari la kampuni, na gari hilo likakaa uani kwake kwa siku kadhaa huku wapiga picha wa magazeti wakipishana mlangoni. Ilikuwa namna ya kudai isiyo ya kistaarabu sana, lakini nchi nzima ilimwelewa.

Wateja waliochoka kusubiri walijiunga katika chama cha kudai haki yao, wakaipeleka kampuni katika mahakama za madai madogo katika mji mmoja baada ya mwingine. Kesi ziliendelea hadi 1998. Wakubwa watatu wa Hoover walifukuzwa kazi mapema mwaka 1993. Watu wapatao 220,000 walisafiri hatimaye, na gharama yote ilifikia karibu pauni milioni 50. Mwaka 1995 Maytag iliiuza Hoover ya Ulaya kwa kampuni ya Candy ya Italia, kwa hasara.

Wapo wanaosema kwamba Phillips na wale waliouza mashine zikiwa katika maboksi walikuwa wadanganyifu. Hoja hiyo haina nguvu. Kampuni ndiyo iliyoandika ahadi, kwa hiari yake, ikiwa na wanasheria wake mezani. Aliyetimiza masharti barabara hana deni. Mdanganyifu ni yule anayeghushi stakabadhi au kubandua alama za bidhaa ambazo hakuzilipia, na huyo ni mwizi kama mwizi mwingine.

Lakini mwenye nyumba asiyekuwa mhandisi aangalie tofauti ya wanunuzi hawa. Phillips aliijua bei ya kila maili kabla ya kufungua mkoba, alijua tarehe ya mwisho, na alijua pudini itakwenda wapi. Kama kampuni ingemgeuka, angekuwa amepoteza dola 3,000, ambazo aliweza kuzihesabu tangu mwanzo. Mnunuzi wa Hoover alilipa kwanza, na masharti magumu aliyakuta njiani. Swali la kujiuliza dukani, kabla ya kusoma habari za zawadi, ni kama kitu hicho kingenunuliwa kwa bei hiyo laiti zawadi isingekuwapo. Rahisi ghali, hasa inapolazimu kununua vitatu ili kupata cha nne kisichohitajika.

Hata serikali imewahi kunaswa. Mwaka 2008 kiwanda cha kutengeneza sarafu cha Marekani kilianza kuuza sarafu mpya za dola moja kwa thamani yake halisi, na gharama ya kuzisafirisha kikailipa chenyewe, kwa sababu wananchi walipendelea noti za karatasi na sarafu zilikuwa zimelala tu. Wakusanyaji wa maili waliagiza maboksi ya sarafu 250 kwa kadi za mkopo zenye kuleta maili, wakayapokea mlangoni, wakayapeleka benki bila kuyafungua, na kwa fedha hiyo hiyo wakalipa deni la kadi. Hawakutumia hata senti. Sarafu zilirudi zilikotoka, na maili zikabaki. Mwezi Julai 2011 kiwanda kilikataza kuzinunua kwa kadi za mkopo.

Milango ya namna hiyo hufungwa mmoja baada ya mwingine. Shirika la Delta liliondoa mwaka 2015 jedwali lake lililoonyesha kila tikiti ni maili ngapi, na tangu hapo mwenye akiba ya maili hawezi kuwa na hakika zitamfikisha wapi. American Airlines ilikuwa na kanuni kwamba anayefikisha maili milioni moja, kwa njia yoyote, hupewa daraja la heshima la maisha yake yote. Phillips alilipata kwa pudini. Mwezi Desemba 2011 kanuni ilibadilishwa, na maili za dukani hazikuhesabiwa tena katika kufikia daraja hilo.