Nyota muzito inawaka sana, inakufa mbiyo

Usiku kuran ikikatika mu kartie, friji inazima, telefone inakufa, wote tunanung'unika. Lakini wakati ule njo mbingu inaonekana vizuri.

Mwezi huu wa ine mvua inaanza kwisha. Toka inje kama saa moja ya usiku, geukia upande wa magharibi, inua kichwa. Nyota nyeupe inayowaka kupita nyota zote, jina lake Sirius. Chini yake, ukienda kidogo upande wa kaskazini, kuko ingine yenye rangi ya makala inayowaka mu mbabula: ile ni Betelgeuse. Watoto wanauliza: juu ya nini hii iko hivi, na ile vile?

Sehemu moja ya jibu ni umbali. Taa ya karibu inaonekana kubwa, ya mbali inaonekana ndogo. Lakini ukiondoa umbali, ukihesabu mwangaza wa kweli wa kila nyota, jibu kubwa ni neno moja: uzito. Uzito ambao nyota inazaliwa nao njo unapanga itawaka namna gani, na itaishi miaka ngapi.

Plafo bila mbao

Wale waliofanya kazi mu galeri chini ya udongo wanajua hii bila kufundishwa. Kadiri unashuka, jiwe lililo juu yako linazidi kusukuma. Plafo isianguke, unapashwa kutia mbao ao vyuma.

Nyota ni kama mulima wa gazi, na gazi ile nyingi ni idrojeni. Haina mbao, haina chuma. Uzito wake wote unasukuma kuelekea katikati. Kitu kinachozuia isijiangukie ni joto ya katikati, inayosukuma kwenda inje. Jua letu nalo ni nyota. Uzito wake unapita ule wa dunia mara 330.000, na joto ya katikati yake inafika digri milioni 15. Ku joto ile idrojeni inageuka eliomu, na mu kugeuka inatoa moto. Kila segonda Jua linatumia idrojeni tona karibu milioni 600.

Sasa ongeza uzito. Plafo inazidi kusukuma, basi moto wa katikati nao unapashwa kuongezeka. Na hauongezeke kiloko-kiloko. Mu mwaka 1924 Mwingereza mumoja, Arthur Eddington, alionyesha kwamba uzito wa nyota na mwangaza wake vinafuatana. Tangu wakati ule watu wa sayansi wamepima nyota nyingi. Hesabu inatoka karibu hivi: nyota yenye uzito mara mbili inawaka kama mara 11.

Mufuko wa bunga

Hapa wamama wataelewa mbele ya wabwana. Nyumba ya kwanza iko na mufuko moja wa bunga, kilo 25, na inakula kilo moja kwa siku. Itafika siku 25. Nyumba ya pili iko na mifuko mbili, kilo 50, lakini inakula kilo 11 kwa siku. Mu siku tano haina kitu. Ile yenye akiba kubwa njo inalala njaa ya kwanza.

Nyota nazo ni vile. Jua letu lilipewa bunga ya miaka karibu miliari 10, na limekwisha kula miaka miliari 4 na nusu hivi. Nyota yenye uzito wa majua 20 inawaka mara maelfu na maelfu kupita Jua, na inamaliza akiba yake mu miaka kama milioni 10. Betelgeuse iko mu kundi ile ya wazito. Haijaishi miaka mingi, lakini imekwisha kuvimba na kuwa nyekundu. Iko karibu na mwisho, ijapokuwa "karibu" ya nyota inaweza kuwa miaka 100.000.

Wandugu wawili wa Sirius

Ushuhuda mzuri uko palepale ku Sirius. Mu mwaka 1844 Mjeremani Friedrich Bessel aliona kwamba nyota hii haiendi sawasawa. Inayumba, sawa mutu anayevutwa mukono na mwenzake asiyeonekana. Mu mwaka 1862, ku Marekani, Alvan Graham Clark alitazama na darubini kubwa akamuona ule mwenzake: nyota ndogo, yenye mwangaza kiloko sana pembeni ya mukubwa.

Wale wawili walizaliwa pamoja, miaka kama milioni 240 iliyopita. Sirius tunayoona iko na uzito wa majua mbili, na inawaka mara 25 kupita Jua. Mwenzake alizaliwa na uzito mingi zaidi, kama wa majua 5. Yeye njo alikuwa mwenye kuwaka sana. Akamaliza akiba, akatupa sehemu kubwa ya mwili wake inje, akabakia jivu la moto: uzito wa Jua moja, ukubwa sawa dunia yetu. Mukubwa amekufa, mudogo angali mu kazi.

Kwa upande ingine kuko Proxima. Nyota hii ilivumbuliwa mu mwaka 1915 na Robert Innes, ku Johannesburg, mu inchi ya migodi sawa yetu. Inakaa jirani na Alfa ya Centauri, ile nyota kubwa inayotokea kusini-mashariki pembeni ya Musalaba wa Kusini. Kati ya nyota zote, ukitoa Jua, hakuna iliyo karibu na sisi kupita Proxima. Hata hivyo hatuwezi kuiona bila darubini. Uzito wake haufiki sehemu moja juu ya 8 ya Jua, na mwangaza wake ni kama sehemu moja juu ya 600. Tena, Jua linaunguza tu idrojeni ya katikati, lakini Proxima inageuza gazi yake yote, juu na chini, sawa bukari inayopigwa na muiko. Hakuna kinachobakia pembeni ya chungu. Kwa hiyo itawaka zaidi ya miaka miliari elfu moja.

Posti mbili

Mu mikutano ya sendika tunasikia vijana wanasema: acha nifanye posti mbili, nguvu iko, feza iingie. Kweli, mutu wa miaka 25 iko na nguvu. Lakini anayefanya posti mbili hatumii mwili mara mbili tu. Usingizi unapunguka, mukono unateleza, vumbi inaingia mu kifua masaa mingi, na pa miaka 40 mugongo unaomba deni yake. Nyota haina namna. Uzito wake umepangwa tangu kuzaliwa, hakuna delege anayeweza kuiombea repo. Sisi tuko na sheria ya kazi ya 2002: masaa 9 kwa siku, masaa 45 kwa juma. Hesabu hii tunaweza kuipigania.

Kobalti inatoka wapi

Nyota muzito haikufe bure. Idrojeni ikiisha, inapika eliomu, kiisha vitu vizito zaidi, mpaka chuma. Chuma hakitoe joto tena. Mbao imekwisha, plafo inaanguka, yote mu segonda moja, na kiisha nyota inapasuka.

Tarehe 24 mwezi wa pili 1987, ku Las Campanas mu inchi ya Chile, waliona moja imepasuka vile. Ilikuwa nyota ya uzito wa majua karibu 20, mbali sana: mwangaza wake ulisafiri miaka zaidi ya 160.000 mbele ya kutufikia. Watu wa upande wa kusini wa dunia waliweza kuiona kwa macho matupu. Mu mupasuko ule kulipikwa nikeli ya uzito wa dunia yetu mara 20.000 na zaidi. Nikeli ile ikageuka kobalti, na kobalti ikageuka chuma. Kila siku 77 nusu ya kobalti inaisha, na mwangaza wa mabaki ya nyota ulipunguka kufuata hesabu ileile. Watu walikuwa wanaona kobalti inaoza mu mbingu.

Kobalti ya kwetu ni ya aina ingine, ile inayodumu. Lakini nayo ilipikwa mu nyota, na shaba yetu nyingi ilipikwa mu tumbo la manyota mazito. Yalikufa mbele Jua halijazaliwa, yakatupa mali yao inje, na dunia ikakusanywa na ile vumbi. Proxima bado haijamugawia mutu kitu. Jua lenyewe, mu miaka yake yote, halijapika hata gramu moja ya kobalti, na halitapika: halina uzito wa kutosha.

Basi kilo ya kobalti inayopakiwa leo mu kamio ku Kolwezi inapita Jua kwa umri. Anayeichimba anafaa kujua hivyo, na anayeinunua pia.